Kompyuta Yenye Adabu

Nyuma ya mji wa Mikumi, pale nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza kupakana na hifadhi ya wanyama, kuna kitongoji kiitwacho Mtandala. Ifikapo mwezi wa Mei mahindi yake husimama kama askari kwenye gwaride, na harufu yake husafiri na upepo hadi porini. Hapo ndipo tembo hukumbuka njia. Zamani kila shamba lilikuwa na dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo nne, na juu ya dungu alikaa mtu na debe lake bovu. Akiona tembo aligonga. Jirani akisikia naye akagonga, mpaka kitongoji kizima kikalia kama karakana ya bati. Mama Lea, mjane aliyelima ekari mbili kando ya kijito, alikuwa amelinda shamba lake hivyo misimu kumi na mmoja mfululizo, na kifua kilikwisha kuanza kumbana kwa baridi ya huko juu.

Mwaka 2008 kampuni za simu za watu binafsi zilikuwa zikishindana kusimamisha minara, hata ikawa mtu aliyekosa umeme na maji ya bomba hakukosa laini mfukoni. Katika chuo kikuu kimoja mjini Morogoro, Mwalimu Vitalis aliwapa wanafunzi wake wa kompyuta kazi ya vikundi. Kila kikundi kitengeneze huduma inayopita kwenye mtandao, imsaidie mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Kikundi kimoja kilikuwa cha watu watatu. Kiongozi alikuwa Ditram, kijana ambaye mdomo wake haukujua likizo. Wa pili alikuwa Tumwagile, msichana wa Tukuyu, mpole wa maneno lakini mkali wa hesabu. Wa tatu alikuwa Yusrah, binti wa fundi baiskeli wa Kimamba. Yusrah alikuwa ameongoza darasa miaka miwili, na wenzake walimwita Profesa. Hakuwa na maringo hata chembe. Alikuwa na haya. Akiulizwa jambo mbele za watu, kichwa chake kilijibu kabla ya ulimi, nacho kilijua jibu moja tu: kuitikia.

Ditram ndiye aliyeleta wazo la tembo. Mkulima akiwaona, atatuma meseji yenye neno TEMBO na mahali walipo kwenda namba moja. Laini ya namba hiyo itakuwa ndani ya simu iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta ya chuo. Kompyuta itaisoma meseji na papo hapo kuwatumia wakulima wote wa karibu, ili watoke na madebe yao kwa pamoja.

"Tugawane," Ditram alisema. "Mimi nashika tovuti na ripoti. Tumwagile, wewe shika orodha ya wakulima. Ile ngumu, ya kuifanya kompyuta ipokee meseji na kuzisambaza, tumwachie Profesa."

"Utaiweza, shoga?" Tumwagile akamwuliza.

Yusrah akaitikia kwa kichwa.

Wiki ya kwanza alifurahi, kwani programu yake iliisoma meseji ya kwanza bila taabu. Ilipokuja ya pili, kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikasoma moja, ikaganda. Akabadilisha waya, akaazima simu nyingine, akaiandika programu upya tangu mstari wa kwanza. Ikasoma moja, kisha kimya. Kila jioni Tumwagile, ambaye alikaa naye chumba kimoja bwenini, alimwuliza kazi inakwendaje, naye alijibu, "Inaendelea." 

Mara mbili alifika mlangoni kwa Mwalimu Vitalis. Mara ya kwanza alikuta wanafunzi wengine wamejipanga, akapita kama mtu aendaye kwingine. Mara ya pili mwalimu alikuwa peke yake, akamtazama kwa furaha.

"Aha, Yusrah. Wenzako huja na maswali, wewe nadhani umekuja kunionyesha majibu."

"Hapana, mwalimu, nilikuwa napita tu. Shikamoo."

"Marahaba."

Akarudi bwenini na swali lake kama alivyokwenda nalo.

Ilipofika siku ya kuonyesha kazi darasani, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akaitoa laini ya kikundi kwenye simu ya waya, akaitia kwenye simu yake mwenyewe, iliyokuwa na nafasi ya laini mbili. Ile ya waya akaiacha kando ya kompyuta, taa inawaka, ndani tupu kama ganda la yai. Ditram akasimama mbele, akaandika TEMBO, akatuma. Yusrah alikuwa kiti cha mwisho, simu ameificha chini ya mtandio. Akaandika kwa kidole gumba: TAHADHARI, TEMBO WAMEONEKANA. Simu tano zilizokuwa mezani kwa mwalimu zikalia moja baada ya nyingine, na darasa likapiga makofi.

"Mbona imechukua karibu dakika nzima?" mwalimu akauliza.

"Mtandao, mwalimu," Ditram akajibu. "Hizi kampuni zinagombania wateja, hazigombanii minara."

Watu wakacheka. Yusrah naye akacheka, huku jasho likimtiririka mgongoni. Alijiambia kwamba ni mara moja tu. Akipata wiki mbili nyingine ataitengeneza, na hakuna atakayejua.

Hakuzipata. Mwalimu Vitalis alipendezwa mno, akaamuru huduma ile ijaribiwe Mtandala kwenyewe kwa mwezi mmoja, mahindi yakiwa yanakomaa. Wakaenda wote watatu kuwaandikisha wakulima ishirini na sita mbele ya ofisi ya kitongoji. Watu walisikiliza kwa makini, na Mama Lea akauliza swali moja.

"Hiyo kompyuta yenu hailali?"

"Hailali, mama," Ditram akajibu. "Haiendi msibani, wala haibanwi na kifua."

"Basi imenizidi," Mama Lea akasema, na watu wakacheka. Kisha akamgeukia Yusrah. "Na wewe, binti uliyenyamaza. Ni kweli hailali?"

Yusrah akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku ile kompyuta ya Mtandala ikawa ni binti wa watu. Simu alikwenda nayo bafuni ndani ya mfuko wa plastiki. Akisali, aliiweka mbele ya msala, kisha akaomba toba kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye simu. Wenzake aliwaambia wasiguse ule waya wa kwenye kompyuta, utalegea, nao wakamwamini. Nani atambishia Profesa? Meseji ilipoingia aliisambaza kwa namba zote ishirini na sita, na huko Mikumi watu wakatoka na madebe. Ikawa hivyo mara nne, na mara zote nne jua lilikuwa linazama. Tembo walirudi porini hawajang'oa hata bua.

Mara ya tatu, baada ya hatari kupita, iliingia meseji kutoka kwa Mama Lea: KOMPYUTA ASANTE. WAMEONDOKA. LALA SALAMA. Yusrah alikuwa amechoka, na moyo wake ni mlaini. Kabla hajafikiri, kidole kikajibu: NAWE MAMA, LALA SALAMA.

Asubuhi yake habari ilikwisha kuenea Mtandala yote kwamba kompyuta ya chuo ina adabu kuliko watoto wa siku hizi. Wengine wakaanza kuitumia shikamoo. Ditram alipopigiwa simu na kuambiwa hayo, alikuja mbio maabara.

"Profesa, umeiweka na salamu?"

"Nimeiweka," Yusrah akasema.

"Wewe ni mtu hatari," Ditram akasema, akaenda kuiandika kwenye ripoti.

Nyumbani Kimamba baba yake, Mzee Mwinshehe, alikuwa akiziba pancha huku akiwasimulia wateja kwamba binti yake anafukuza tembo wa Mikumi akiwa amekaa Morogoro. Alimpigia simu kumwuliza anafanyaje. "Ni kompyuta tu, baba," Yusrah akamjibu. "Kompyuta na kichwa chako," baba akasema, na sauti yake ilijaa fahari hata Yusrah akauma pindo la kanga asilie.

Kumbe huko Mtandala imani ilikuwa imezaa usingizi. Mmoja mmoja watu walishuka madunguni. Kwa nini mtu akae juu ya miti na debe, ilhali simu italia? Mama Lea alikuwa wa mwisho kushuka. Alishuka juma la tatu, baada ya kompyuta kumtakia usingizi mwema.

Jumamosi ya juma la nne chuoni palikuwa na mtihani wa somo jingine, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Simu zote zilikusanywa katika boksi mlangoni. Yusrah alipiga hesabu yake. Tembo huja jua likizama. Saa tatu hizi zitapita salama. Alifikiri kumwachia mtu simu, lakini angemwambia aishike kwa ajili gani? Akaizima mlio, akaiweka juu kabisa ya simu nyingine, kana kwamba kuwa juu kungesaidia.

Hesabu yake ilisahau jambo moja. Tembo walingoja jua lizame kwa sababu ya watu na madebe. Sasa mashamba yalikuwa kimya mchana kutwa, na mnyama yule si mjinga.

Mtihani ulipokwisha aliiokota simu yake. Kulikuwa na meseji nne, zote kutoka kwa mkulima mmoja aitwaye Bonifas, ambaye shamba lake lilitazamana na la Mama Lea ng'ambo ya kijito. TEMBO KIJITONI. TEMBO KWA MAMA LEA. TEMBO SABA KWA MAMA LEA. Na ya mwisho: KOMPYUTA UMELALA. Ya kwanza iliingia saa kumi na dakika kumi.

Akaanza kuandika tahadhari, akaifuta; ilikuwa sawa na kumfungia mlango mwizi aliyekwisha kuondoka. Siku hiyo Mama Lea alikuwa amekwenda msibani Kilosa, roho yake imetulia. Bonifas, peke yake mbele ya tembo saba, alituma na kungoja, akatuma na kungoja, akiamini majirani wako njiani. Alipotambua kwamba haji mtu, akakimbia kuwaita kwa miguu. Walipofika, katika ekari mbili ilikuwa imebaki robo.

Usiku ule Ditram alisema mnara wa simu lazima uliharibika.  Jumapili asubuhi mwalimu aliwachukua wote watatu kwa gari lake. Barabara kuu ilipokatiza hifadhini, Tumwagile alitazama wanyama dirishani. Yusrah alitazama viatu vyake.

Walikuta watu wamekusanyika mbele ya ofisi ya kitongoji. Mama Lea alikuwa amekaa kwenye benchi na kanga yake ya msibani. Ditram alianza na habari ya mnara, lakini kijana mmoja akasema simu yake ilikuwa hewani siku nzima, aliongea na mchumba wake hadi vocha ikamwishia. Wengine wakasema hivyo hivyo. Mnara ukaponea hapo, na macho yote yakamgeukia Bonifas.

"Nilituma mara nne," Bonifas akasema.

"Ulituma wapi? Kwa shemeji yako?"

"Bonifas huyu kuandika jina lake tu mpaka atoe ulimi nje. Leo aandike meseji nne, na tembo wanamtazama?"

"Nilituma. Mara nne."

"Basi tuonyeshe."

"Simu yangu ikijaa nafuta," akasema kwa sauti ya chini.

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Ditram, kama aliyeona mlango umefunguka, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, kompyuta haina kawaida ya kukosea. Inawezekana kabisa Bwana Bonifas alikosea namba. Ni jambo la kawaida kwa mtumiaji, si la kumlaumu."

Bonifas alikuwa mtu wa makamo, mwenye watoto wakubwa waliokuwa wamesimama pale pale wakisikia. Aliachia shule darasa la pili. Akainamisha kichwa, akaanza kuchora udongo kwa kidole cha mguu, na mwishowe akasema, "Labda nilikosea."

Yusrah aliijua sauti ile. Aliijua kama mtu anavyolijua joho lake, kwa kuwa alikuwa amejifunika nayo miezi mitatu. Lakini yeye alijifunika mwenyewe. Huyu alikuwa anavishwa. Akasimama.

"Hakukosea," akasema.

"Sema kwa nguvu, binti, huku nyuma hatusikii."

"Hakukosea. Alituma mara nne. Ya kwanza saa kumi na dakika kumi." Akatoa simu ndani ya mtandio, akainyoosha mbele. "Zimo humu. Hii ndiyo kompyuta yenu, hakuna nyingine. Ile ya chuo nilishindwa kuitengeneza, nikaona aibu kusema. Meseji zote nilikuwa naandika mimi. Jana nilikuwa kwenye mtihani, na simu ilikuwa kwenye boksi."

 Ditram akakunja karatasi za ripoti yake, akazitia mfukoni. Mwalimu Vitalis akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa haikuwa na vumbi. Mtu mmoja akaichukua simu, akasoma meseji nne kwa sauti, moja baada ya moja. Alipofika KOMPYUTA UMELALA, sauti ikampungua. Akamrudishia Yusrah simu, kisha akamwendea Bonifas, akampa mkono.

"Kwa hiyo," Mama Lea akasema taratibu, "aliyeniambia nilale salama ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nikalala kweli." Akatikisa kichwa. "Usilie. Machozi hayarudishi mahindi, na mimi mwenye shamba sijalia bado."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Yusrah alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Mtandala ilikaa vile vile, na watu wote wakaendelea kumwona.

Tumwagile alimshika mkono, akamvuta hadi barazani ambako mwalimu alikuwa ameweka kompyuta yake ndogo ya kubebea, pamoja na ile simu ya waya na nakala ya programu yao, alizozileta kutafuta kosa. Uso wake ulikuwa umekasirika.

"Vitanda vyetu vinagusana," akasema. "Miezi mitatu, Yusrah. Kila siku nakuuliza."

"Niliona aibu. Mlinitegemea."

"Inakwama wapi?"

Yusrah akaeleza, akikwepa macho yake. Inasoma meseji ya kwanza, ikija ya pili inaganda. Tumwagile akaitazama programu, akashuka nayo mstari kwa mstari, akasimama.

"Ukishaisoma meseji ya kwanza, unaifuta?"

"Naifuta?"

"Kwenye kadi ya simu. Hujaifuta, kwa hiyo kila mara inarudia kuisoma ile ile, ya pili haifikiwi kamwe. Hata mimi lilinipata nilipokuwa mafunzoni Mbeya. Nilimwuliza fundi, akanicheka, akanionyesha."

Wakaongeza mistari minne, wakaifunga simu kwa waya, safari hii na laini yake ndani. Bibi mmoja alikuwa ametenga chai ya wageni jikoni, na maji yalikuwa hayajachemka. Mwalimu akamwomba Bonifas atume. Bonifas akaandika, ulimi umetoka nje kidogo, na hakuna aliyecheka. Simu zikaanza kulia mabenchini, moja, tatu, kumi. Akatuma tena, zikalia tena. Akatuma mara ya tatu bila kuambiwa. Zikalia.

Yusrah alitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imelala mapajani, haifanyi kitu, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Neno moja lingetosha mwezi wa Machi, kazi ilipoanza.

Mwalimu Vitalis hakupandisha sauti. Alisema alama za siku ile ya darasani amezifuta, kikundi kitaanza upya, na ripoti itaeleza mambo yote kama yalivyotokea. "Nawe ndiwe utakayeisoma mbele ya darasa," akamwambia Yusrah. Safari hii hakuitikia kwa kichwa. Alisema, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti. Kisha akamwendea Mama Lea, akapiga magoti, akaomba wakati wa likizo aje avune naye ile robo iliyobaki na kuliandaa shamba upya.

Mama Lea aliitazama mikono ya Yusrah.

"Utakuja," akasema. "Na jembe uje nalo. Hili jambo lilikusumbua muda gani?"

"Miezi mitatu, mama."

"Na mwenzio ameliondoa chai haijachemka."

"Ndiyo, mama."

Mama Lea akavuta kanga mabegani. Aliposema tena, alisema polepole, kama asemaye na mwanawe wa kumzaa.

"Mimi nimepata uchungu mara saba, na watoto ninao sita. Ule wa kwanza nilikuwa mdogo kuliko wewe. Mkunga alikuwa jirani yetu, mtu wa kusalimiana naye kila asubuhi kisimani, nikamwonea haya. Nikajifungia ndani siku mbili, kila anayebisha hodi namwambia sijambo. Yule mtoto tulimzika hajapata jina. Hawa sita nimewapata kwa kuwa nilijifunza kuita. Chuoni wamekufunza mengi, mwanangu, lakini hili ujifunze kwangu: mficha uchi hazai."